UNGUJA IMETUFUNZA: KATIBA NI YA WENYE NCHI

Liko neno linalosemwa sana barazani, toka Milola mpaka Kilwa Kivinje, kwamba mambo ya katiba ya Zanzibar ni ya Waunguja na Wapemba, na sisi wa huku tuna korosho zetu, ufuta wetu na muhogo wetu wa kuhangaikia. Neno hilo hatulidharau. Mtu anayengoja mvua hawezi kulaumiwa akitazama shamba lake kwanza. Lakini twasema wazi kwamba neno hilo si sawa, na leo tutaeleza sababu zake.

Sababu ya kwanza ni historia. Pwani yetu hii ilikuwa chini ya Masultani wa Unguja, na maliwali wao walikaa Kilwa na Lindi. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana wao kwa wao kwamba Sultani abakiwe na ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini. Mwaka 1890 ukanda huo nao ukatwaliwa na Wajerumani kwa malipo ya marki milioni 4. Hapana mtu wa Lindi aliyeulizwa, wala wa Kilwa. Tuliuzwa kama mtu auzavyo mnazi na nazi zake juu.

Sababu ya pili ni Muungano. Tangu tarehe 26 Aprili 1964 sisi na wao tu dola moja. Jirani akijenga ukuta wake vibaya, ukianguka huangukia kwako.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kupita zote. Ndugu zetu wa visiwani, pamoja na shida zao zote, wamepata jambo moja katika habari ya katiba ambalo sisi wa bara hatujalipata hata siku moja. Jambo hilo tutalitaja kwa mahali pake. Kwanza yatupasa tuijue njia waliyopita.

TAJI LA KUPEWA

Wazee wa Kilwa hawana haja ya kufundishwa kuwa kisiwa kidogo kinaweza kuwa dola. Kilwa Kisiwani ilikuwa dola kabla Unguja haijawa na nguvu, na Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331. Lakini kila palipokuwa na ugomvi wa nani atawale, wakubwa waliamua wao kwa wao, na raia wakapewa habari baadaye. Mwaka 1505 alikuja Mreno Francisco de Almeida na merikebu zake. Alimkuta Amiri Ibrahim akitawala, akamfukuza, akamvika taji mtu mwingine aliyemtaka yeye. Yule aliyevikwa taji hakukaa sana. Aliuawa, na Wareno wenyewe wakaiacha ngome yao mwaka 1512.

Hilo ndilo funzo la kwanza: taji analokupa mgeni halikai kichwani.

Unguja nayo ililiona jambo hilo hilo. Mwaka 1890 Waingereza waliifanya nchi ya himaya yao, wakasema Sultani ni Sultani na wao ni walinzi tu. Lakini mwaka 1896 alipofariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila idhini yao, manowari za Kiingereza zililipiga jumba hilo kwa mizinga. Vita vile havikutimia hata saa moja. Wakamweka Hamoud bin Muhammed. Tangu siku hiyo kila mtu alijua katiba ya Unguja ilikaa wapi: ilikaa katika mdomo wa mzinga.

BARAZA LA WACHACHE

Mwaka 1926 Waingereza wakaunda Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wake wote walikuwa watu wa serikali au watu walioteuliwa na serikali, na wale wasio wa serikali waligawiwa kwa taifa: Waarabu viti vyao, Wahindi vyao, Mzungu chake. Mwafrika, ambaye ndiye aliyekuwa wengi katika nchi, hakuwa na kiti hata kimoja. Alingoja miaka 20, mpaka mwaka 1946, ndipo Mwafrika wa kwanza akaketi katika baraza lile.

Sisi wa Tanganyika tusiwacheke. Sisi pia tulipewa kura tatu mwaka 1958, mpiga kura mmoja kumchagua Mwafrika, Mhindi na Mzungu kwa pamoja, kana kwamba watu wachache na watu mamilioni wana uzito mmoja katika mizani. Mkoloni alikuwa na duka moja, na bidhaa zake alizipeleka kila mahali.

Uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba ulifanyika Julai 1957. Viti vilivyopigiwa kura vilikuwa 6 tu. Wanawake hawakupiga kura, na mwanamume naye alipaswa kutimiza masharti ya umri, ya mali au ya kusoma. Chama cha Hizbu hakikupata kiti hata kimoja, na Abeid Amani Karume akamshinda Ali Muhsin huko Ng'ambo. Hapo watu wakaonja kwa mara ya kwanza utamu wa kuchagua, na aliyeonja asali harudi kuridhika na maji.

KURA MOJA YA CHAKE CHAKE

Januari 1961 ulifanyika uchaguzi mwingine, na safari hii wanawake nao walipiga kura. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Twairudia kwa ajili ya wale wasemao kura yangu ni moja tu, itafanya nini: kilipatikana kwa kura moja. Kisha wale watatu wakagawanyika, wawili wakaenda huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa.

Yafaa tuulize: ni fundi gani aliyejenga baraza la viti vinavyogawanyika sawasawa, bila ya kufikiri siku watu watakapokuwa nusu kwa nusu? Dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza kiti kimoja, vikawa 23, na uchaguzi ukarudiwa Juni 1961. Siku zile zikatokea fujo, na watu 68 wakafa. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu 10, na wale wengine 3 wakaungana na Hizbu. Muhammad Shamte akawa Waziri Kiongozi.

Julai 1963 wakapiga kura tena, viti vikiwa 31. Afro-Shirazi ilipata kama asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Hizbu walipata 12 na wenzao 6, wakaunda serikali. Sheria ilifuatwa, hatukatai. Lakini mwenye akili alitambua kuwa nyumba ina ufa. Watu wengi kuliko nusu walisema neno, na hesabu ya mipaka ya majimbo ikasema neno jingine.

SIKU 33

Katiba ya uhuru ilizungumzwa London, Septemba 1963, na ikaandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi wa Nungwi na mchuma karafuu wa Wete hawakuisoma wala hawakusomewa. Tarehe 10 Desemba 1963 nchi ikapata uhuru, na Sultani Jamshid bin Abdullah akawa mkuu wa dola. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Katiba ile iliishi siku 33.

Wako wasemao ilikufa kwa bunduki. Sisi twasema bunduki iliikuta mgonjwa tayari. Katiba iliyokuwa ya watu ingepata watu wa kuilinda. Ile ilipoanguka, walio wengi waliitazama kama mtu atazamavyo kibanda cha jirani kinachobomoka. Wala tusifiche upande wa pili: watu wengi walipoteza roho na mali katika siku zile, na vidonda vyake viliendelea kuuma kwa miaka mingi. Ndiyo gharama ya kukosa njia ya kuyatengeneza mambo kwa maneno.

AHADI NI DENI

Serikali ya Mapinduzi ilitoa amri mwaka 1964 iliyoahidi kwamba baraza la kutunga katiba litaitwa katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukapita. Ikapita miaka mitano, ikapita kumi. Tarehe 22 Aprili 1964 Nyerere na Karume walitia sahihi Mkataba wa Muungano wenye mambo 11. Mambo hayo yakaendelea kuongezeka hata orodha ya Katiba ya Muungano ikawa na 22. Karume akauawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe akashika mahali pake. TANU na Afro-Shirazi zikaungana tarehe 5 Februari 1977. Na muda huo wote visiwa vilitawaliwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi, bila katiba iliyoandikwa ya Wazanzibari wenyewe.

Katiba ikaja mwaka 1979, miaka 15 baada ya ahadi, na Baraza la Wawakilishi likakutana mara ya kwanza Januari 1980. Ilikuwa hatua njema, lakini ilitoka juu ikashuka chini. Januari 1984 Jumbe akajiuzulu kwa mzozo juu ya muundo wa Muungano, katika siku ambazo wakubwa walisema hali ya hewa ya siasa imechafuka. Akaingia Ali Hassan Mwinyi, mtu aliyezaliwa huku Mrima, katika Mkoa wa Pwani, na chini yake ikaandikwa Katiba ya 1984 iliyoanza kutumika Januari 1985. Hiyo ilikuwa bora kuliko ya kwanza: iliweka haki za binadamu, na madaraka ya mahakama na ya baraza yakaelezwa vizuri zaidi. Lakini nayo haikupelekwa kwa wananchi wote waipigie kura.

WENYEWE WAULIZWA

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Uchaguzi wa 1995 na wa 2000 ulileta uhasama, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 damu ikamwagika, hasa Pemba. Watu wakakimbilia Shimoni huko Kenya. Muafaka ukatiwa sahihi Oktoba 2001, lakini muafaka ni mkataba wa vyama. Mwananchi hakuwa na mkono wake ndani yake.

Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, wakapeana mikono. Safari hii jambo halikuishia kwa wakubwa wawili. Wananchi waliitwa. Tarehe 31 Julai 2010 Waunguja na Wapemba walipiga kura ya maoni waseme kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa ama hawaitaki. Asilimia 66.4 walisema ndiyo.

Hilo ndilo jambo tulilosema tutalitaja. Tangu ukoloni uje mpaka siku ile, hapana mtawala, Mwingereza wala Sultani wala Mwafrika, aliyewauliza wananchi wa visiwa vile swali la katiba moja kwa moja. Na walipoulizwa walijibu kwa utulivu. Oktoba mwaka ule ule ukafanyika uchaguzi mkuu; Dk. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama ile ya mwaka 1961, lakini uchaguzi ulipita kwa amani.

Zaidi ya hayo, mabadiliko ya mwaka 2010 yaliweka sharti kwamba baadhi ya vifungu vya Katiba ya Zanzibar visibadilishwe ila wananchi wapige kura kwanza. Maana yake ni nini? Maana yake mwakilishi anaweza kutunga sheria, lakini msingi wa nyumba hawezi kuuchimba mpaka amwite mwenye nyumba.

KARATASI HAITOSHI

Hatutaki kumdanganya msomaji. Kura ya maoni si dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kufuta uchaguzi wote. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakaususia, na serikali ya umoja ikakosa mwenza. Maneno yalikuwa bado katika karatasi, lakini nguvu yake iliondoka. Mpaka Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye malalamiko mengi, ndipo Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 2021.

Adui wa kura ya wananchi atasema: mwaona, waliulizwa, na ugomvi ukarudi. Sisi twajibu: ugomvi uliporudi, watu walikuwa na kitu cha kushika mkononi. Waliweza kusema, sisi tulikubaliana hivi tarehe 31 Julai 2010, na kila mtu alijua ni kweli. Mwaka 1963 hapakuwa na neno kama hilo la kusema. Mtu aliyevunjiwa mkataba alioutia sahihi ana dai; aliyevunjiwa mkataba asioujua hana ila hasira.

NA SISI JE?

Sasa tugeuke tujitazame. Tanganyika ilipata katiba ya uhuru mwaka 1961, ya jamhuri mwaka 1962, za muda mwaka 1964 na 1965, na hii ya kudumu mwaka 1977. Ni katiba tano. Ni ipi kati ya hizo aliyoulizwa mkulima wa Milola kwa kura yake? Hapana hata moja.

Mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilianza kupita nchini kukusanya maoni. Watu walisema, na maneno yao yakaandikwa. Rasimu ya Tume ikataka serikali tatu. Bunge Maalum likakaa Dodoma mwaka 2014; wajumbe wa upinzani wakatoka nje mwezi Aprili; waliobaki wakabadilisha mengi, wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya wananchi iliwekwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na haijapigwa.

Hatusemi leo serikali ziwe mbili au tatu. Juu ya hilo watu wenye nia njema wanatofautiana, hata katika nyumba moja. Twasema jambo lililo chini ya hilo: kwamba swali hilo si mali ya mtu wa Dodoma peke yake, wala ya chama kimoja, wala ya wanasheria. Huku kwetu mjomba akigawa shamba la ukoo bila kuwaita wenye haki, mgawo huo huleta kesi mpaka kwa wajukuu. Nchi ni shamba kubwa zaidi.

Wako watakaosema mkulima hajui katiba. Maneno hayo ni ya zamani. Ndiyo yaliyoweka masharti ya kusoma na ya mali mwaka 1957. Tunakumbuka pia jinsi Mjerumani alivyowapuuza watu wa Matumbi, akawaletea akida na amri ya kulima pamba, mpaka mwaka 1905 walipoing'oa pamba ile na Vita vya Maji Maji vikawaka. Watu wale hawakuwa na shahada, lakini walijua tofauti ya kuombwa na ya kulazimishwa. Mkulima anajua bei ya korosho ilivyopangwa na nani hakuulizwa. Anajua ardhi ya kijiji ilivyotolewa na nani alitia sahihi. Mtu huyo akisomewa kifungu kinachosema nani ana madaraka juu ya ardhi, ataelewa upesi kuliko wengi wanaomdharau.

Kwa hiyo twataka mambo manne, na twamwomba kila msomaji ayashike. Kwanza, habari ya katiba ikirudi, maandishi yake yafike kila kijiji kwa Kiswahili chepesi, yasomwe hadharani, na wasiojua kusoma wasomewe. Pili, watu wapewe miezi ya kuzungumza, wala wasipewe wiki moja kabla ya kura. Tatu, kura iwe ya siri, na hesabu ya bara na ya visiwani itangazwe mbalimbali, ili upande mmoja usimezwe na mwingine. Nne, tuige wenzetu: vifungu vya msingi visiguswe tena ila kwa kura ya wananchi.

Nasi tuna wajibu wetu. Asiyekuwapo na lake halipo. Mtu asiyejiandikisha, anayeuza kadi yake ya kura kwa fulana na kilo ya sukari, huyo ameitia sahihi katiba ya wengine. Wanawake wa Milola, ambao jembe lao ndilo linalolisha nyumba, wasikubali kuambiwa kuwa hayo ni mambo ya wanaume. Wenzao wa Unguja na Pemba walinyimwa kura mwaka 1957, na walipoipata mwaka 1961 waliitumia.

Zanzibar ina kilomita za mraba 2,500 hivi. Ni ndogo kuliko wilaya nyingi za kwetu. Iliwachukua wananchi wake miaka 120, toka 1890 mpaka 2010, kuulizwa swali moja la katiba. Sisi hatuna haja ya kungoja miaka mingi hivyo. Tuidai kura yetu kwa adabu, kwa sauti moja, na bila kuchoka, maana mwenye nchi haombi ruhusa ya kuisemea nchi yake.